Nyuma Kidogo ya Ngoma

Somanda, Bariadi
12 Juni 1995

Ndugu Novatus,

Mwangaluka, kama tunavyoamkiana huku. Kanda uliyompa konda wa basi imefika salama, haikuloa wala haikupasuka. Nakushukuru kwa niaba ya Bendi ya Ngitili, maana mimi ndiye katibu na barua rasmi ni kazi yangu. Urasmi unaishia hapo.

Besi yangu iko wapi?

Jumapili tulikusanyika nyumbani kwangu, wanabendi wote, na mjomba wangu Maganga akaja kutoka Mwamanyili kusikiliza ngoma yake kubwa. Tukaweka kanda kwenye redio. Milembe anaimba mpaka majirani wakaja kuchungulia. Gitaa la solo la Bujiku linalia vizuri. Ngoma ya mjomba inasikika kwa mbali, du, du, kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Mimi sipo. Nyimbo sita, sipo hata kwenye mmoja. Bujiku akaniuliza kama siku ile ya Aprili kule Mwanza nilikwenda studio au nilikwenda kuangalia ziwa. Wote wakacheka, nami nikacheka nao, lakini iliniuma.

Nikasema labda ni betri, kwa sababu zilikuwa zimechoka na nilikuwa nimezianika juani siku mbili zipate nguvu. Nikaazima mpya za Bujiku. Sipo. Mwishowe nikachukua mtungi wa maji uliokuwa mtupu, nikaitumbukiza redio ndani. Hapo nikajisikia! Kidogo, lakini nilikuwa mimi. Nikaitoa redio, nikapotea tena.

Kwa hiyo najua nimo humo ndani ya kanda. Naomba unitoe. Watu wa huku hawana spika kubwa kama zako, wana redio ya spika moja inayofungwa kwenye baiskeli kwa mpira. Besi isiyosikika kwenye baiskeli Bariadi haipo.

Wabeja, yaani asante.

Shigela Ngassa
Katibu, Bendi ya Ngitili


Mwanza
24 Juni 1995

Katibu Shigela,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa chini. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, minane Dar es Salaam, na leo ndiyo mara ya kwanza kusikia kanda yangu inapimwa kwa mtungi wa maji.

Besi ipo. Njoo usikie hapa studio: kioo cha dirisha kinatetemeka na jirani, fundi cherehani, amenilalamikia kwa balozi wa nyumba kumi. Tatizo ni redio yako. Redio ya spika moja ni ya kusikilizia taarifa ya habari na bei ya pamba. Huwezi kumlaumu mpishi kwa sababu mlaji ana mafua.

Lakini kwa kuwa umeuliza, nami nikuambie la kwangu. Umechelewa. Katika nyimbo zote sita, ngoma ya mzee inapiga, halafu wewe unafuata nyuma yake kidogo. Si sana, lakini sikio la fundi halidanganyiki. Mwanzo nilidhani ni uchovu wa safari. Besi na ngoma kubwa vinatakiwa kutua pamoja, kwa mguu mmoja. Vikitua pamoja vinapata nguvu, hata kwenye kiredio chako.

Dawa yake ni rahisi. Panda basi, njoo na gitaa lako, tunapiga besi upya kwa siku mbili na sikudai chochote. Kazi yenu naipenda, ndiyo maana nakuambia ukweli. Ila usikawie. Uchaguzi unakuja, magari ya kampeni yatataka spika zangu, na tajiri wa kunakili kanda anazitaka zote mwisho wa Novemba ziwahi Krismasi.

Novatus


Somanda, Bariadi
19 Julai 1995

Mdogo wangu Kabula,

Ukimaliza kusoma barua hii, ikunje uiweke ndani ya vitenge vyako vya kuuza, asiisome mtu mwingine hapo sokoni Mwanza. Kaa kwanza.

Unajua kwamba mwaka huu wanunuzi wa pamba ni wengi, kila mmoja na mizani yake, na kimefunguliwa kiwanda kipya cha kuchambulia. Nilipata kibarua cha msimu pale. Tarehe tatu mwezi huu mashine iliziba. Tulikuwa tumezoea kuivuta pamba kwa mkono bila kuzima, kwa sababu kuizima na kuiwasha tena kunachukua muda na msimamizi anakasirika. Nikaingiza mkono wa kushoto. Vidole vitatu vya katikati havipo tena, Kabula. Limebaki gumba na kidole cha mwisho.

Nililazwa hospitali ya hapa Somanda siku kumi na mbili, sasa niko nyumbani. Kidonda kinafunga vizuri. Wifi yako Specioza ananifunga vifungo vya shati na hanionei huruma, namshukuru kwa hilo. Mayu anajua, alikuja, alilia siku moja kama mama yeyote halafu akaanza kunigombeza kwamba sili.

Mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi. Kwa hiyo besi imekwisha. Naliandika neno hilo mara moja tu, sitalirudia.

Sasa sikiliza ninachotaka. Kuna kanda yetu pale studio kwa Novatus, nyuma ya stendi. Ndipo niliporekodiwa mara ya mwisho, na mara ya kwanza vilevile, maana kabla ya hapo hatukuwahi kurekodiwa. Mtu akitaka kujua Shigela alipigaje, ni hizo nyimbo sita tu. Na hazisikiki. Novatus anataka niende nikapige upya. Akijua siwezi, ataita mpiga besi wa hoteli yoyote hapo Mwanza, na mimi nitafutwa. Nani atapigania mkono wa mtu ambaye hapigi tena? Akidhani nitakuja, ataniheshimu.

Kwa hiyo usimwambie habari ya mkono. Pita pale mara kwa mara, msalimie, niletee maendeleo. Nitamsumbua kwa barua mpaka aitoe besi yangu ile ile.

Kaka yako,
Shigela


Somanda, Bariadi
22 Julai 1995

Ndugu Novatus,

Nilichelewa kujibu kwa sababu ya pamba. Msimu umechanganya, hakuna mtu anayeweza kuondoka Bariadi sasa. Kuja Mwanza nitakuja, lakini si mwezi huu.

Wakati unanisubiri, jaribu haya. Punguza lile gitaa la rizimu. Linakwaruza palepale ninapokaa. Halafu usiniongezee mvumo. Mvumo wa chini kabisa redio zetu haziujui. Ongeza pale kidole kinapogusa waya, ule mguso wenyewe.

Habari ya kuchelewa: sikuchelewa. Nilipokuwa kijana nilicheza katika kundi la ngoma la mjomba Maganga, tukishindana na makundi mengine baada ya mavuno. Uwanja mmoja, makundi mawili, na watu wanahamia upande wenye ngoma inayowavuta. Mjomba alitufundisha kwamba ngoma kubwa inaita, mguu unaitikia. Mguu ukitua pamoja na ngoma, hakuna aliyemwita mwenzake, mmegongana tu. Anayecheza vizuri anaiacha ngoma iseme, kisha anatua. Nilipopata gitaa la besi nilipiga nilivyokuwa natua. Mjomba alikubali kuja Mwanza kupiga ngoma kwa ajili ya hilo tu, kwa sababu ni mimi ninayemwitikia.

Kwa hiyo usirekebishe. Nitoe tu nisikike.

Shigela


Mwanza
10 Agosti 1995

Shigela,

Nimejaribu. Nimepunguza rizimu, nimeongeza mguso, nimefanya na mambo mengine ambayo hukuyataja. Nikipandisha besi, ngoma ya mzee inapanda nayo na kuimeza. Nikishusha ngoma, besi inashuka nayo. Ni watu wawili kwenye kigoda kimoja. Kuna sababu ya kifundi ambayo sitaieleza kwenye barua.

Hadithi ya mguu na ngoma ni nzuri, nimeipenda. Lakini uwanjani mna vumbi na watu elfu. Kwenye kanda hakuna mguu, kuna sauti tu, na sauti ina sheria zake.

Njoo. Siku mbili! Pamba haitakimbia. Nimewahi kumsubiri mwimbaji aliyekuwa jela, akaja mapema kuliko wewe.

Novatus


Somanda, Bariadi
28 Agosti 1995

Ndugu Novatus,

Siwezi kuja kwa sasa. Nauguliwa na mama, hali yake si nzuri, na mimi ndiye mkubwa. Kanda iache kama ilivyo, usiiguse mpaka nikuandikie.

Shigela


Mwanza
17 Septemba 1995

Kaka Shigela,

Shikamoo. Umenitia aibu na nakuambia wazi.

Jana nilipita studio kama ulivyoniagiza. Kaka Novatus alikuwa amezungukwa na watu wa kampeni wanagombania spika, lakini aliponiona aliwaacha. Akanipa kiti, akaniuliza kwa upole kabisa, "Pole dada, mama anaendeleaje?" Nami, kwa kuwa hukuniambia kitu, nikamjibu, "Mayu? Mzima kabisa, wiki iliyopita alikuja hapa Mwanza kwa basi na kuku watatu, alinunua kitenge na akagombana na konda."

Akaniangalia, akasema, "Basi sawa," akarudi kwa watu wake. Hakunisindikiza hata mlangoni.

Kama uliamua kusema uongo, ungenipa na mimi nusu yake niushike. Sasa anadhani unamdharau. Anadhani umemwona fundi wa mtaani asiyestahili nauli ya basi. Nilitaka kumwambia pale pale habari ya mkono, maneno yalifika mdomoni, nikayameza kwa sababu nilikuahidi. Lakini kaka, yule si mtu mbaya. Mwambie mwenyewe kabla hajafanya jambo.

Vidole vyako vinauma bado wakati wa baridi? Nakutumia soksi ya sufu, ivae mkononi, atakayecheka na acheke.

Mdogo wako,
Kabula


Mwanza
6 Novemba 1995

Katibu,

Uchaguzi umepita na spika zangu zimerudi, moja ina tundu. Nilipata nafasi, nikamaliza kazi yenu.

Kanda mpya umeipata pamoja na barua hii. Iweke kwenye redio yako hiyo hiyo, na betri zako za kuanika. Mtungi hutauhitaji. Besi imekaa mahali pake sasa, inatua pamoja na ngoma, imara. Nimemsikilizisha tajiri wa kanda akapiga meza kwa kiganja na kusema hii itauzika mpaka Tabora. Anaichukua tarehe thelathini.

Sikukusubiri zaidi kwa sababu nilielewa kwamba huna haja ya kuja. Msalimie mama yako. Nasikia ni mzima.

Novatus


Somanda, Bariadi
13 Novemba 1995

Novatus,

Nimeisikiliza. Nilikwenda nayo kwa Sayi, muuza kanda wa karibu na soko, akaiweka kwenye spika yake ya nje. Mpaka wimbo wa pili watu walikuwa wamejaa. Mwendesha baiskeli mmoja aliiangusha mizigo yake akaanza kucheza. Bujiku akanikumbatia akaniambia, "Umetoka Shigela, umetoka!" Besi inasikika kila mahali. Nakuambia kweli kama fundi kwa fundi: ni kazi nzuri na huyo mpigaji ni hodari.

Lakini si mimi. Nilijua kabla hajafika mstari wa pili. Anatua pamoja na ngoma. Na hiyo ngoma si ya mjomba Maganga, ni dramu za kizungu. Umetutoa wote wawili, ukaweka wageni kwenye viti vyetu, halafu ukatuletea tuwashangilie. Niliondoka pale, nikaenda nyuma ya maghala ya pamba, nikalia. Mimi nina miaka thelathini na nane na nililia kwa sauti.

Kosa la kwanza ni langu. Mama hakuugua, nilikudanganya. Pamba nayo haikunizuia. Tarehe tatu Julai mashine ya kuchambulia pamba ilinikata vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Barua zote hizi nimeziandika kwa mkono wa kulia, ndiyo maana mwandiko haukubadilika na hukujua. Nilificha kwa sababu niliogopa kwamba ukijua sitapiga tena, utamleta mtu mwingine. Nimeficha, na ukamleta. Mwenye kujidanganya hana wa kumshtaki.

Sitakuja kupiga upya, Novatus, si mwezi huu wala mwaka ujao. Kwenye ile kanda ya Aprili ndimo nilimo, basi. Kwa hiyo nauliza jambo moja na unijibu kwa kweli hata kama ni baya: uliifuta?

Kama umeifuta, andika neno moja, nitanyamaza na watu watacheza na huyo hodari wako. Kama hukuifuta, sikuachi. Nitaandika kila basi linapoondoka. Nitamtuma Kabula akae mlangoni kwako na vitenge vyake mpaka wateja wako wadhani umefungua duka. Sitaki unihurumie, wala usinipandishe kwa sadaka. Nataka nisikike kwenye redio ya spika moja, nyuma kidogo ya ngoma ya mjomba wangu, kama tulivyopiga.

Shigela


Mwanza
17 Novemba 1995

Kaka yangu Shigela,

Sikuifuta.

Naandika hilo kwanza ili upumue. Kanda mama ya Aprili iko kabatini. Wale wawili, wa besi na wa dramu, niliwarekodi kwenye kanda nyingine. Nilikuwa na hasira nawe, lakini kufuta kazi ya mtu sijawahi hata kwa hasira.

Pole. Nimeisoma barua yako nikafunga studio, nikakaa. Nilikudhania maringo, nikakuadhibu kwa kukuonyesha kwamba kazi inaweza kwenda bila wewe. Nisamehe. Ningekuja huko kukuomba uso kwa uso, lakini zimebaki siku kumi na tatu na nadhani ungependa nizitumie hapa.

Na mimi nilikuficha jambo. Ile sababu ya kifundi ni hii: mashine yangu ina njia nne tu za kurekodia sauti. Siku ile, ili nipate nafasi ya sauti za Milembe na waitikiaji, niliiunganisha besi yako na ngoma ya mzee kwenye njia moja, kisha nikatumia tena njia zilizobaki. Haviachani tena. Ni maziwa yaliyokwisha kutiwa kwenye uji. Nilipaswa kuwauliza kabla, sikuuliza. Halafu niliona aibu kukiri, nikasema umechelewa, nikasema redio yako mbaya, nikasema njoo upige upya. Nilikuwa nafukia kosa langu kwa mkono wako. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Leo nimeisikiliza ile njia moja peke yake, asubuhi mpaka mchana, bila gitaa na bila sauti. Nilikuwa sijawahi kuisikiliza hivyo. Shigela, ngoma ikisema, wewe uko kimya. Wewe ukijibu, ngoma imeshanyamaza. Kumbe hamjawahi kugombea kigoda, kila mmoja anakaa kwa zamu! Ungetua pamoja naye kama nilivyotaka, leo ningeshindwa kabisa. Huko kuchelewa ndiko kutakakotuokoa.

Mwambie Kabula aniletee redio ya spika moja, mbovu kadiri atakavyoipata, na betri zilizochoka. Spika zangu kubwa nimezifunika kwa blanketi.

Novatus


Mwanza
26 Novemba 1995

Kaka Shigela,

Shikamoo. Naandika haraka, basi linaondoka.

Nilimpelekea redio ya mama Felisita anayeuza dagaa karibu nami, ile yenye waya badala ya kishikio. Inanuka samaki. Novatus aliipokea kwa mikono miwili. Siku sita sasa anafanya kazi nayo. Anageuza swichi, anarekodi, anaitoa kanda, anaiweka kwenye redio ya dagaa, anatoka nayo nje mpaka stendi kwenye makelele ya mabasi, anasikiliza, anasonya, anarudi. Wapiga debe wamempa jina, wanamwita Taarifa ya Habari.

Jana aliniambia niende nikamtafutie mtungi. Nikadhani anatania. Nilimpelekea, akaingiza redio ndani, akainama na kichwa chake kwenye mdomo wa mtungi, akakaa hivyo wimbo mzima. Alipoinuka akasema, "Sasa nimejua anatakiwa asikikeje. Kazi iliyobaki ni kuuondoa mtungi." Sikuelewa, lakini alirudi kazini na nguvu mpya.

Tajiri wa kanda alikuja kuchukua ile yenye dramu. Walizozana. Novatus akamwambia ataipata ya Ngitili yenyewe tarehe thelathini, au asipate kabisa na amtafute fundi mwingine. Yule bwana aliondoka kwa hasira na hajarudi. Novatus naye hajali. Anasema akikataa, atazinakili mwenyewe moja moja mpaka mikono iote sugu.

Mdogo wako,
Kabula


Mwanza
30 Novemba 1995

Kaka Shigela,

Imekwisha. Sitakuambia kama ni nzuri, utaniambia wewe.

Besi sikuipandisha hata kidogo. Niliwaondoa wengine mlangoni. Rizimu niliihamisha juu kabisa, iwe kama kokoto. Ule mvumo wa chini ambao redio zenu haziujui niliukata karibu wote, kwa sababu ulikuwa unakula nguvu ya betri bure bila kumsaidia mtu. Pale kidole kinapogusa waya nikapafungua. Uliniandikia mambo hayo yote mwezi wa saba. Nilikuwa nayasoma kwa jicho la mtu mwenye miaka kumi na moja ya kazi.

Tajiri alirudi leo saa nne. Alisikiliza kwenye redio ya dagaa akiwa amesimama, hakukaa. Hakupiga meza. Lakini mguu wake ulikuwa unatua nyuma ya ngoma, nami nilikuwa naangalia mguu tu. Ameichukua.

Ni lazima nijue majina ya kuandika kwenye karatasi ya kasha, na yaandikwe vipi. Nijibu upesi.

Novatus


Mwamanyili
5 Desemba 1995

Kaka Novatus,

Mwangaluka kwako na nyumba yako yote, na kwa redio ya dagaa.

Kanda yako ilinikuta asubuhi. Sikuiweka. Niliifunga kwenye leso, nikapanda basi na redio yangu, nikashuka kuja hapa kwa mjomba Maganga, kwa sababu sikutaka kuisikia kabla yake. Tulikaa uani kwake mchana, ng'ombe wakiwa malishoni na mvua ikiwa imekatika. Betri nilizianika jana kama kawaida, nisije nikajidanganya kwa betri mpya.

Wimbo ukaanza. Mjomba macho yake yamefifia siku hizi, lakini masikio bado ni ya mwenye ngoma. Ngoma yake ikasema. Nikasubiri. Nami nikajibu.

Nilikuwepo, Novatus. Bila mtungi. Kila kidole. Kuna mahali katika wimbo wa tatu nilitelezesha kile cha kati kutoka juu kwenda chini, nilikuwa nimekwisha kusahau kwamba niliwahi kufanya hivyo. Nikaushika mkono wangu wa kushoto nikauweka juu ya redio.

Mjomba alisikiliza mpaka upande wa kwanza ulipokwisha. Kisha akaniuliza, "Huyu ni nani anayeniitikia?" Nikamwambia, "Ni mimi, mjomba." Akasema, "Najua ni wewe. Nilitaka kusikia ukisema mwenyewe." Akaniagiza nirudishe mwanzo. Tuliirudisha mpaka betri zikafa, tukaziweka tena juani na sasa tunangoja, ndiyo maana nimepata muda wa kukuandikia.

Ameniambia pia kwamba niache kuficha mkono mfukoni, watu watadhani nina deni. Hapa nyumbani kwake nimeutoa.

Nimekusamehe, nawe unisamehe uongo wangu. Mayu anasema ukija Bariadi atakuchinjia jogoo, na atakuuliza ni nani aliyekuambia anaumwa.

Habari ya majina kwenye kasha: usiandike habari ya ajali yangu, wala usilitaje neno marehemu au mstaafu, mimi nipo. Andika wanabendi wote kama nilivyowaorodhesha nyuma ya karatasi hii. Ila wawili wa mwisho waweke kwenye mstari mmoja, kama ulivyotuweka kwenye njia moja. Ngoma, Maganga. Besi, Shigela Ngassa. Jina lake litangulie, uache nafasi kidogo, kisha langu lifuate.

Wabeja sana,
Shigela